Safu Ambayo Sikuichora

Alhamisi ilikuwa siku yangu ya korti. Natoka kambini Nakivale alfajiri, nashuka Mbarara, nakaa benchi la nyuma na daftari langu la shule. Sikusoma mbali, lakini kuchora mistari najua. Nilichora safu tatu: kosa, mtu anatoka wapi, adhabu. Kaka yangu alikuwa mahabusu kwa kesi ya kukata miti ya makaa. Nilijiambia nikilijaza daftari hili nitampelekea hakimu, ataduwaa, labda atanipa na kazi. Ndivyo nilivyo, ndoto haziniishi.

Kosa lilikuwa lilelile, miti ileile ya upande wa Endiinzi. Wenyeji walipewa kazi za jamii, wafagie uwanja wa ofisi za serikali, jioni walale kwao. Sisi wa kambi, jela. Mstari baada ya mstari, jela.

Jirani yangu wa benchi, mke wa mwanajeshi, ambaye mdogo wake alikuwa na kesi kama yetu, alichungulia.

"Wewe mukimbizi, kila siku unaandika. Unataka kuwa jaji?"

"Natafuta juu ya nini sisi banatufunga."

Akacheka mpaka askari akamkazia macho. "Mimi nimeleta chairman ya kijiji yetu. Atasema huyu tunamujua, hawezi kukimbia. Nyinyi munaleta nini? Machozi tu!"

Siku hiyo mdogo wake alirudi nyumbani. Nikachora safu ya nne: nani alisimama kwa ajili yake. Kwa watu wetu ilibaki nyeupe kutoka juu hadi chini. Nilifurahi kama mjinga. Nimepata!

Nikakimbilia kambini, sehemu ya Base Camp, kwa mwenyekiti wa kijiji chetu, nikamsihi aandike kwamba kaka hajakata mti wowote. Ni kweli, alibeba tu magunia ya makaa ya mtu mwingine kwa baiskeli. Akaandika, akagonga muhuri, akaahidi kuja. Na akaja, na koti lake la kanisani.

Ila Jumapili mama alikuwa amekwenda kumwona kaka gerezani, akamsihi akiri, wala hakuniambia. Kwenye kanisa letu, anayekiri mbele ya watu anaombewa, anashikwa mkono, yanaisha hapohapo. Kesi yake ilipoitwa, kaka alipiga magoti.

"Ndiyo, nilikata. Munisamehe, baba."

Mkalimani akatafsiri. Hakimu akaisoma barua, akamtazama kaka, akaisoma tena. Mkalimani akatuletea maneno yake: mwenyekiti anasema hakukata, mwenyewe anasema alikata, basi mwenyekiti huyu hamjui mtu wake. Barua ikawekwa kando. Mwaka mmoja jela.

Daftari lilikuwa wazi magotini pangu. Nikawakumbuka watu wote wa kambi niliowaandika, mmoja mmoja, na kila niliyemkumbuka alikuwa amepiga magoti. Wote walikubali kosa. Nilikuwepo, nilitazama, sikuandika, kwa sababu kwetu kuomba msamaha si jambo la kuandika.

Kaka alikuwa anatolewa kwa mlango wa pembeni, akitutafuta kwa macho. Alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu aliyetua mzigo.

Mama, aliyekaa kando yangu bila kuielewa hukumu, akanivuta kitenge. "Mwanangu, basemaje? Bamemusamehe?"

"Bado, mama."

Akafikiri kidogo. "Basi bamurudishe," akasema, "akubali tena. Pengine habakumusikia muzuri."