Mfukuza Ng'ombe na Safari ya Saa Nane Angani

Mwikwabe Magige hana pasipoti, hana sanduku, hana koti la baridi. Saa ya mkononi pia hana. Kwa miaka kumi na tisa amefyeka nyasi za kiwanja cha ndege nje ya mji wa Homa Bay, na hajawahi kukanyaga ngazi ya ndege hata moja.

Alichonacho asubuhi hii ni fimbo. Ndege ndogo kutoka Nairobi inavuma juu ya ziwa, na ng'ombe wawili wamelala katikati ya njia yake. Mwikwabe anakimbia akipiga mluzi. "Toka! Mnataka kuua watu?" Ng'ombe wanaondoka shingo upande. Ndege inatua salama.

Mzee huyu wa miaka hamsini na minane ni mzaliwa wa Isibania, mpakani na Tanzania. Mwezi uliopita, Julai 1996, alipokea barua ya Bhoke, kifungua mimba wake, ambaye ni muuguzi London. Bhoke anaolewa Desemba, na tiketi ya babake atalipa yeye. "Baba, bila wewe sitoki mlangoni," aliandika, akaomba jibu kabla ya Agosti kwisha.

Agosti inakwisha. Mwikwabe hajajibu.

"Ng'ombe mmoja tu anaweza kuangusha ndege," anasema. "Mimi najua. Sasa huko London, nani anawafukuza?"

Alimuuliza rubani mmoja umbali wa safari. "Mzee, Nairobi mpaka London ni karibu kilomita elfu sita na mia nane," rubani alimjibu. "Saa nane na nusu, bila kutua."

Mwikwabe aliketi nyasini. Ujanani aliswaga ng'ombe kutoka Isibania hadi Migori mjini, kilomita ishirini na kitu, mwendo wa kutwa.

"Kwa mwendo ule, ng'ombe angetembea karibu mwaka mzima," anasema polepole jioni, nyumbani kwake. "Na hawa wanafika kwa usiku mmoja, watu wamelala!"

Mkewe, Nyangi, anayechambua omena, dagaa wa ziwani, mlangoni, anacheka. "Basi ng'ombe wa mahari ya Bhoke wangefika mifupa mitupu."

"Na Desemba saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Mimi nikianza kazi hapa, mtoto wangu bado yuko gizani. Dunia ni kubwa, Mama Bhoke."

"Ni kubwa, ndiyo. Lakini binti aliyesindikizwa na babake hadharauliwi. Kila siku unafungulia ndege za wenzako njia. Yako ndiyo unaiogopa?"

Mwikwabe anatazama fimbo yake iliyoegemea ukuta. Kisha anaomba kalamu.

"Bhoke, nitakuja," anaandika. "Niombee kiti cha dirishani. Tukikaribia kutua, mimi mwenyewe nitaangalia ng'ombe."

Analamba bahasha, anaibana kwa kiganja mpaka inashika. Mbele ya sanduku la posta anatazama juu, angani hakuna hata wingu, halafu anaiachia.