Ukumbi Uliocheka Tamu

Polishi nyekundu ya sakafu inanichefua hadi leo. Nikiingia ofisi yoyote iliyopigwa polishi hiyo asubuhi, hata kama nimekwenda kwa jambo la heri, uso unanikunjamana na watu hudhani nimekuja kugombana. Huenda hawakosei. Ndiyo harufu ya ukumbi wa maigizo wa mji mmoja mdogo wa kiwanda cha chai, upande wetu wa Kericho. Siku hizi umepakwa rangi upya na maharusi wanapanga foleni kupigwa picha mlangoni. Wanauita jengo la kihistoria. Basi nitawaambia historia yake ninayoijua mimi, kisha mwamue wenyewe kama mngependa picha yenu ipigwe pale.

Ulijengwa na wazungu wa mashamba ya chai ili waigiziane wao kwa wao jioni, baada ya kutufokea mchana kutwa. Watu wetu waliingia kwa mlango wa nyuma, wamebeba viti. Nilipokuwa darasa la sita wazungu hao walishaondoka zamani, lakini tulipopeleka mchezo wetu wa shule tulipitishwa mlango ule ule wa nyuma, eti tusichafue wa mbele kabla ya wageni kufika. Mji wenyewe ulikuwa king'ora, moshi, na watu waliotutazama sisi wa vijiji vya kule juu ya Sosiot kama tope lililoganda kwenye viatu vyao.

Mchezo ulihusu ardhi iliyochukuliwa ikapandwa chai. Mimi nilipewa mstari mmoja tu, wa mwisho: "Damu ya babu iko chini ya majani haya." Kwa mwalimu ulikuwa mstari kama mingine. Lakini jioni moja Kogo, nyanya yangu aliyenilea, alinisikia nikiukariri karibu naye akikamua ng'ombe, akaacha kukamua. Akaniuliza kwa Kikipsigis maana yake, nikamfasiria. Ndipo aliponiambia kwamba baba yake alipigwa akilinda boma lake, akavuja damu pale pale kilipo kiwanda sasa. Hakuwahi kutuambia hayo. Akasema atakuja kunisikia nikiyasema mbele yao, yeye ambaye mji ule aliujua kwa kupeleka maziwa tu. Tangu hapo nilitaka jambo moja duniani, kuusema mstari ule vizuri Kogo akiwa amekaa humo ndani.

Taabu ni kwamba lugha yetu ya nyumbani haijali sana tofauti ya d na t, wala ya b na p, wala ya j na ch. Mtoto wa Kipsigis huitafuta tofauti hiyo kwa jasho.

"Chebet, weka mkono kwa koo," mwalimu wa Kiswahili aliniambia. "Ukisema d, koo inatetemeka. Kama haitetemeki, hiyo ni t. Na ukikosea huko, huo mstari nitapea mwingine."

Nikatembea wiki nzima nimejishika koo kama mgonjwa, nikiwasemesha ng'ombe na mahindi. Siku ilipofika nilikuwa naweza. Ninaapa nilikuwa naweza.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wageni wenye makoti mazuri, na nyuma kabisa, karibu na mlango wa wageni, niliona kitambaa cha Kogo cha kanisani. Nilipiga goti kwenye jukwaa linalonuka polishi, nikashika tawi la mchai kwa mikono yote miwili, kama nilivyofundishwa. Hakuna aliyefikiria kwamba sasa sikuwa na mkono wa kushika koo.

"Tamu ya papu," nikasema, "iko chini ya machani haya."

Walicheka. Safu ya mbele ilianza, kisha ukumbi mzima. Mgeni wa heshima alitoa kitambaa akajipangusa macho. Nyuma ya pazia mwalimu wangu naye alikuwa amejiziba mdomo, mabega yanamruka. Kisha Kogo akasimama.

"Mnacheka nini?" aliuliza kwa Kiswahili chake. "Hiyo tamu ni ya papa yangu."

Kicheko kikazidi. Wengine walipiga makofi wakidhani yumo mchezoni. Kogo aliwatazama safu kwa safu, taratibu, kisha akatoka kwa mlango wa mbele.

Mstari nilinyang'anywa, na Kogo hakupeleka tena maziwa mjini. Mama Akinyi, jirani yetu aliyetoka upande wa ziwa, alimuuliza siku moja kwa Kiswahili, ndiyo lugha waliyokuwa nayo pamoja: "Kogo, mbona siku hizi town huendi?"

"Siendi. Hao watu wanacheka tamu."

"Wacha wacheke tamu, wameshiba," Mama Akinyi akajibu.

Nilikuwa jikoni nikisikia, na hasira ikanipanda. Hivi Kogo angewezaje kusifu kicheko kile, eti ni kitamu?

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nilipompeleka hospitali kupimwa. Muuguzi, binti mchangamfu, alimchoma sindano mkononi na kujaza vichupa.

"Unachukua tamu yangu yote?" Kogo aliuliza.

Binti akacheka. Kogo akamtazama vile vile alivyoutazama ule ukumbi. "Hata wewe unacheka tamu," akasema.

Niliketi kwenye kiti cha wagonjwa bila kukaribishwa. Kumbe siku ile hakusikia kosa lolote. Kwa sikio lake nilikuwa nimesema damu ya babu, sawasawa kabisa, na ukumbi mzima wa watu waliovaa vizuri ukaicheka damu ya baba yake. Miaka yote hiyo alikuwa akiishi na watu wa namna hiyo ng'ambo ya kilima.

Tulipotoka nje nilimweleza kwa Kikipsigis, polepole, habari ya d na t. Nilimwambia hawakucheka damu ya baba yake, walicheka ulimi wangu tu. Nilidhani ninamtua mzigo. Kogo alisikiliza mpaka mwisho, pamba ikiwa bado mkononi mwake.

"Kwa hiyo walikuwa wanakucheka wewe," akasema. "Na hiyo ndiyo nafuu?"