Mgongo wa Mkono wa Asnath

Saa mbili asubuhi, Asnath Masanja anaweka mgongo wa mkono kwenye mlango wa mashine ya kutunzia joto kabla hajatazama namba. Kioo kinasema nyuzi sitini. Mkono unakubali. Anafungua.

Ndani kuna mirija kumi na miwili. Maji mekundu yakigeuka njano, bakteria wamechacha na miezi saba imepotea. Hii ni awamu ya mwisho waliyoruhusiwa.

Asnath, 34, ni fundi wa maabara ndogo nje ya Tabora mjini. Analea bakteria wapenda joto, waliotolewa kwenye lundo la samadi na mabua ya mpunga huko Igunga. Hulainisha mabua yawe chakula cha ng'ombe, lakini hutoa asidi mpaka wenyewe wanashindwa kazi.

Hapo inaingia CRISPR, njia ya kuifikia jeni moja kati ya maelfu. "Watu wanasema mkasi," anasema. "Wetu umefanywa butu. Unaikalia jeni ya uchachu, inanyamaza. Haikatwi."

Awamu ya kwanza aliiharibu yeye. Aliona matone ndani ya mashine, akafungua matundu, kama baba yake alivyomfundisha kwenye bani la kukaushia tumbaku, Urambo: jani likitoka jasho, lipe hewa. Bakteria wakapoa. Wiki tisa zikaenda.

"Nilijua nimefukuzwa." Lakini mkuu wake, Dk. Leodgar, aliuliza tu, "Nani kakufundisha?"

"Baba."

"Msalimie. Mwambie hapa si bani."

Awamu hii, mwanzoni, kioo cha mashine nyingine kilisema sitini, mkono ukakataa. Mwenzake, Shukrani, akamtania: "Dada, unapima homa ya bati?" Kipimajoto kingine kikasoma hamsini na moja. Wakawahi kuihamisha mirija kwenye mashine hii.

Baba yake, Mzee Masanja, alifariki Mei. "Nilikuwa nimeshampigia simu kumsimulia," Asnath anasema. "Akacheka, akasema, 'Huo mkono utunze, mama.' Nashukuru alisikia."

Sasa anainua mirija kwenye mwanga. "Shukrani, njoo uhesabu. Mimi siamini macho yangu."

Kumi na mmoja myekundu. Mmoja wa njano: ule ambao jeni ya bakteria wake hawakuinyamazisha, wa kulinganishia.

"Dada," Shukrani anasema taratibu, "bati limepona."

Majaribio kwa mifugo bado yanasubiri kibali. Kikitoka, Asnath ataomba mabua ya kwanza yaliyolainishwa yaende kijiji cha Choma, kwa mama yake, aliyebaki na ng'ombe wanne baada ya ukame.

Anafunga mlango. Mgongo wa mkono unarudi pale pale, unakaa kidogo.