Muuzaji Hewa wa Ndalambo

Hii aibu nimekaa nayo mwaka mzima nikijifanya haikunitokea, lakini kwa kuwa Tunduma nzima inaijua, na juzi hata muuza chipsi pale Chapwa kaniuliza kama nimeshamkamata mwizi wangu, naona bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wenye kutia chumvi.

Mimi naitwa Ombeni, ni mhasibu. Naandika vitabu vya Bi Zuhura, mama wa Kitanga mwenye stoo ya mahindi na maharage, ambaye mzigo wake karibu wote unavuka mpaka kwenda Zambia. Mwaka jana alinilipia semina ya siku tatu Mbeya, ya uhasibu wa kiuchunguzi, yaani ule wa kupekua vitabu vya biashara mpaka ujue nani anaiba na anaibaje. Siku tatu tu jamani (na mbili kati ya hizo tulimaliza kabla ya chakula cha mchana), lakini mimi nilirudi mtu mwingine. Nikaanza kuvaa miwani, ingawa macho yangu hayana tatizo lolote. Nikawa nikipewa risiti naigeuza nyuma, naipandisha kwenye mwanga wa dirisha, naguna kidogo, halafu nairudisha bila kusema neno, na wapakiaji wa stoo wakaanza kunikwepa, nami nikaichukulia kuwa ni heshima.

Haikupita wiki nikapata nilichokuwa nakitafuta. Kwenye vitabu kulikuwa na muuzaji wa maharage anaitwa Eliza Namuyemba, wa Ndalambo. Kila Alhamisi gunia kumi. Kumi kamili, si tisa, si kumi na moja. Analipwa taslimu, hana namba ya simu, risiti zake zote zina mwandiko mmoja ambao ni wa Bahati, na mahali pa sahihi pana dole gumba. Bahati ndiye mnunuzi wetu, ndiye anayezunguka vijiji vya Momba na hela ya kampuni mfukoni. Dalili zote tulizofundishwa Mbeya zilikuwa zimejipanga hapo zikinisubiri. Nikasema huyu ni muuzaji hewa, jina la kubuni tu, ili hela ya Bi Zuhura ipate mlango wa kutokea.

Siku mbili nzima niliandika ripoti, na nyumbani nikawa nazifunika karatasi kwa kiwiko kila mke wangu Furaha akipita, maana mwalimu wa semina alisema siri ya uchunguzi haifiki hata chumbani. Furaha aliniuliza mara moja tu kama ninamwandikia barua mwanamke. Nikazidi kusogeza kiwiko. Laiti ningemwonyesha ukurasa mmoja tu, leo ningekuwa na heshima zangu.

Bi Zuhura aliisoma ripoti polepole, akaiweka chini, akauliza kama nimewauliza watu wa huko. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Ningesema tu hapana, bado, nipe siku mbili. Lakini nilikuwa nimevaa ile miwani.

"Bosi, Ndalambo ni ukweni kwangu," nikamwambia. "Nawajua wote. Huyu mtu hayupo."

(Ndalambo nilikuwa nimefika mara mbili. Siku ya kupeleka mahari na siku ya harusi.)

Bahati akaambiwa akae nyumbani wiki mbili. Ana watoto watatu, na nyumba yake ilikuwa imefika kwenye lenta, na wiki mbili zile nilimwona mara kwa mara kakaa nje ya kibanda cha kahawa hanywi kitu. Ikithibitika, Bi Zuhura alisema, itakuwa kazi basi na polisi juu yake. Nilimpita bila salamu, nikijiambia kwamba mchunguzi hana rafiki. Naona aibu kuliandika hili kuliko yote yanayofuata.

Ila Bi Zuhura si mtu wa kumaliza mambo kwenye karatasi. Akasema, "Ombeni mwanangu, Alhamisi twende wote, tukamwone huyo asiyekuwepo."

Tukaenda: Bi Zuhura mbele na dereva, mimi na Bahati nyuma ya pikapu tumegeuziana migongo. Njiani Bahati alijaribu kuanza, akasema kaka, huyo mama mimi namjua mpaka jikoni kwake, nikamkata, nikamwambia maneno yake ayatunze kwa ajili ya mtendaji wa kijiji. Tukafika ikiwa siku ya mnada, watu wamejaa. Mtendaji akasema nyumba ya Eliza anaijua vizuri, akapanda gari, na nyuma yetu likafuata kundi la watu wenye vitunguu na kuku mikononi, maana gari la mjini likisimama na mtendaji ndani yake hakuna anayetaka kusimuliwa.

Gari likakata kona kwenye kanisa, likapita shamba la alizeti, likaingia uwanja ninaoufahamu. Nikacheka kwa dharau. Nikaruka chini, nikatangaza kwa sauti ya kusikika mpaka mnadani kwamba hapa ni kwa mama mkwe wangu, na kwamba kama Bahati alipanga na mtendaji kuniaibisha, basi wamekosea nyumba.

Bahati akanitazama, wala hakuwa na hasira.

"Mhasibu," akasema, "jina la mama mkwe wako hulijui?"

Silijui. Wenzangu mliokulia mijini mtanicheka, lakini katika ukoo wetu kule Ruanda (kijiji cha huku kwetu, si ile nchi), na ukweni kwangu vilevile, mama mkwe hatajwi jina. Ukikutana naye njiani unampisha, huli naye, humtazami usoni, na kumwita kwa jina lake ni kama kumvua nguo. Tangu nimchumbie binti yake namwita Mama Furaha, na kwenye kadi ya harusi aliandikwa Bibi Sinkala, jina la mumewe. Jina alilopewa na wazazi wake sikuwahi kulisikia, na kuuliza ni utovu wa adabu. Kwa hiyo siku mbili nzima nilikuwa naliandika jina la mama mkwe wangu kwa wino mwekundu, na kulipigia mstari.

Mlango ukafunguliwa, akatoka anajifuta mikono kwa kitenge. Akaniona. Akajifunika kichwa, akarudi ndani haraka, akafunga, kama desturi inavyomtaka mtu aliyekutwa na mkwewe bila taarifa. Bi Zuhura, ambaye kwao Tanga hawana mambo hayo, akauliza mbona mtuhumiwa anakimbia, na lile kundi la vitunguu na kuku likaangua kicheko.

Ikabidi niondolewe, maana mama asingetoka mimi nikiwa pale. Mtendaji akanishika mkono, akanisimamisha nyuma ya kihenge cha mahindi, uso kwenye kihenge, mgongo kwa watu. Ndivyo uchunguzi wangu ulivyofanyika, mchunguzi akiwa amegeuziwa ukutani kama mwanafunzi aliyechelewa namba ya asubuhi shuleni.

Nikasikia mama akitoka, akisalimiana. Halafu mtendaji akaisoma ripoti kwa sauti, yote, hadi pale nilipoandika kwamba imebainika bila shaka yoyote kuwa Eliza Namuyemba hayupo na hajawahi kuwepo.

"Mwambieni mkwe mimi nipo," akasema mama, taratibu, kama anayetuma salamu.

Sitaki kueleza kicheko kile. Kilipotulia, akaeleza kila kitu bila kuulizwa mara mbili. Gunia ni kumi kwa sababu kirikuu anachokodi, kile kigari kidogo cha mizigo, kinabeba kumi. Ni Alhamisi kwa sababu wanawake wenzake wanamletea maharage yao siku ya mnada. Mwandiko ni wa Bahati kwa sababu yeye hajui kuandika, na dole ni lake, leteni wino mlinganishe. Akatoa kopo la maziwa lenye risiti zote, na mlangoni kwake kwa ndani kuna mistari ya mkaa, mmoja kwa kila gunia. Bi Zuhura akavilinganisha na leja yetu mstari kwa mstari. Zikapungua hela za gunia mbili. Mama hakuwa amelipwa, na Bahati akakumbusha kwamba aliniandikia kikaratasi nitoe baki hiyo ampelekee.

Kikaratasi kilikuwa kwenye faili langu. Nilikibana na stepla nikakiandika "Kidhibiti namba nne".

"Kwa hiyo hela pekee iliyopotea umeipoteza wewe," Bi Zuhura akaniambia, akiniongelesha nikiwa bado nimekitazama kihenge.

Siku ya pili nilimwomba Bahati radhi mbele ya wapakiaji wote. Akasema yameisha, ila akaomba siku moja akalale, maana wiki mbili hakuwa amelala, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Furaha hakuniongelesha siku tisa. Kwa mama nilipeleka faini, mbuzi na blanketi, kupitia mjomba aliyekuwa mshenga wangu, maana mimi mwenyewe singesogea karibu. Akavipokea, akaleta jibu kwamba maharage ataendelea kutuuzia, ila kwa sharti kwamba anayekuja kununua ni Bahati, na siku Bahati akiondolewa, naye ameondoka.

Miwani nimemgawia dereva. Uhasibu wa kiuchunguzi bado naupenda, na bado naamini wezi wapo, lakini nimeapa: sitamwandikia tena mtu yeyote kwamba hayupo kabla sijaenda kumpigia hodi, na hodi yenyewe nitaipigia mbali, nimegeuka pembeni, maana huwezi kujua ni mlango wa nani.