Mgeni Aliyefukuzwa Siku ya Kunyoa

Mwanangu Ochieng, kila nikiikumbuka siku ya liedo ya babu yako, ile siku ya kunyolewa baada ya mazishi, miguu yangu hii mizee inataka kukimbia tena. Usicheke! Waya wako, huyu shangazi yako unayemwona, alikuwa na mbio, wewe. Kaa hapa juu ya gunia nikusimulie kabla watu hawajajaa uani, maana jana nilikusikia ukimnong'onezea mdogo wako kwamba kikao cha leo cha liedo ya baba yenu kiwe kifupi, watu wa madeni wasipate nafasi ya kufungua mdomo. Nilishtuka. Nikajiambia, huyu ni Owino mtupu! Sauti ya baba yako, maneno ya baba yako, hata kukunja uso ni kwa baba yako.

Wakati ule nilikuwa msichana, sijaolewa, na boma letu lilikuwa hapa hapa nje ya Awendo, miwa imetuzunguka pande zote. Babu yako alikuwa ametoka tu kuzikwa. Asubuhi tulinyolewa nywele kama desturi yetu ilivyo, kisha ukoo ukakaa kwa kazi ya pili ya siku hiyo, ambayo kwangu mimi ndiyo kubwa: kusikia nani alimdai marehemu, na marehemu alimdai nani. Aliyeongoza kikao ni baba mdogo Ouma, mdogo wake babu yako, mtu mpole aliyeongea polepole mpaka kuku wakasinzia.

Madeni yalikuwepo. Hospitali ilidai, na mwenye duka la mbolea alidai, tena alikuja mwenyewe akasema kiasi chake kwa adabu. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa na dawa yake tayari: liuzwe shamba la mtoni. Lile alilolima nyanya yako tangu aolewe! Mnunuzi alikuwa ameshafika, amekaa katikati ya wafiwa na viatu vyake vinang'aa. Nyanya yako, kichwa kimenyolewa, alikuwa anatazama chini tu. Hakuna aliyemuuliza atakula wapi mwaka ujao. Nilimhurumia mpaka nikakasirika, lakini msichana angesema nini mbele ya ukoo? Nikachukua mtungi nikaenda mtoni.

Baba yako naye akaenda kusimama langoni. Alikuwa ameogopa. Kila mtu asiyemfahamu alimwona ni mdai mwingine amekuja kummalizia urithi. Basi akatokea mzee mmoja mrefu, koti limemfika magotini, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa Mkuria kutoka upande wa Kehancha, karibu na mpaka wa Tanzania, na jina lake Mwita. Akasalimia. Akasema alikuwa rafiki ya marehemu na ana neno na wenye boma. Baba yako hakumpa hata maji.

"Mzee, sisi hatudaiwi na mtu," akamwambia. "Kama uko na maneno, enda kwa kaburi umuulize mwenyewe."

Yule mzee akamtazama, akasema, "Sawa, nimesikia," akageuka akaenda zake.

Mimi nilikutana naye njiani, mtungi kichwani. Akasimama, akanikagua uso kama mtu anayetafuta alama, kisha akasema, "Wewe ni Awuor. Uko na jina ya ng'ombe yangu mzuri kabisa." Akatabasamu kidogo, akaendelea na safari.

Ningekuwa na hasira, lakini nilicheka. Nikafika nyumbani nikamwambia mama, kuna mzee wa Kehancha amesema nina jina la ng'ombe. Ochieng! Nyanya yako aliruka kama amekanyaga moto. Babu yako alikuwa akienda Kehancha kila msimu, anarudi na kibuyu cha samli, na akiulizwa anasema ni zawadi ya rafiki. Watu wa zamani hawakuweka ng'ombe wao wote boma moja. Ugonjwa ukiingia, au jamaa wakizidi kuomba, unabaki bila kitu. Kwa hiyo mtu alimpa rafiki wa mbali ndama jike amlishe, na siri ikabaki ya wawili. Mama aliunganisha hayo yote mara moja.

"Awuor, kimbia!" akapiga kelele. "Mrudishe! Hata kama ni kwa nguo, mshike umrudishe!"

Nikakimbia! Viatu sina, nywele sina, nimepita katikati ya miwa, majani yananikata mikono na sisikii. Nilipofika barabarani nikaona trekta la miwa linapanda kilima kuelekea kiwandani. Nikamlilia dereva anibebe. Akanicheka, akauliza kama ninamkimbia mume au ninamfuata. Nikamwambia ninafuata ng'ombe! Akanisogezea nafasi, na tukaenda, mimi nikiomba Mungu na trekta likikohoa.

Mzee Mwita nilimpata kituoni, mguu mmoja tayari ndani ya gari la kwenda Migori. Nikalishika lile koti kwa mikono miwili.

"Baba, mama amesema urudi. Chai iko."

"Nimeambiwa nimuulize marehemu," akasema.

"Kaka yangu ni mjinga," nikamwambia, mbele ya kituo kizima. "Mama yangu si mjinga."

Yule mzee alicheka mpaka kondakta akaacha kuita abiria. Akatoa mguu garini.

Tulipomleta, baba mdogo Ouma alisimama, akampa kiti chake mwenyewe, akangoja anywe maji na chai. Hakumharakisha. Ndipo mzee Mwita akaeleza kwamba alipewa na marehemu ndama mmoja jike, mwekundu, wakamwita Awuor, jina langu mimi binti wa marehemu. Huyo amezaa, na wanawe wamezaa. Wengine ni wake kwa mapatano ya kulisha, wengine ni wa boma hili. Akaomba watumwe wazee wawili pamoja na mwenye boma wakawaone, wagawe mbele ya watu wa kwake. Nyanya yako akapiga yowe, na safari hii halikuwa la kilio. Mnunuzi wa shamba alikunywa chai yake haraka, akaaga.

Furaha haijatulia, mzee akasema tena, "Na mimi pia niko na kitu yangu hapa. Ile plau niliazima marehemu ya kulimia na ng'ombe."

Baba yako alikuwa ameshaichukua ile plau, ati ni urithi wake, akampa shemeji yake kule Rongo! Baba mdogo Ouma akamtazama bila kupandisha sauti. "Owino," akasema, "uliona plau kwa boma ya baba yako ukasema ni ya baba yako. Uliona mgeni kwa lango ukasema ni mdai. Wewe uliuliza nani?" Jioni hiyo hiyo baba yako alienda Rongo, akarudi akisukuma baiskeli na plau imefungwa nyuma, jasho linamtiririka, watoto wanamfuata kwa vifijo. Aliisimulia hadithi hiyo mwenyewe miaka yote, akijicheka. Ng'ombe wawili waliuzwa, hospitali na mwenye duka wakalipwa, na shamba la mtoni likabaki la nyanya yako. Mahindi uliyokula utotoni yalitoka humo.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kikao cha leo kiwe kirefu. Kila mwenye neno aseme, na mashahidi wasikie, na anayedai aonyeshe, maana waongo nao wapo na mimi sikuambii ulipe kila kelele. Pikipiki ya baba yako na ile injini ya mashua iliyoko Sori, kule ziwani, usiguse wala kuuza mpaka chifu aandike na korti ikubali. Huenda si ya baba yako peke yake. Madeni ya kweli yalipwe kwanza. Mama yako aulizwe kabla yenu ninyi nyote, na dada zako waitwe wakae mbele, wasiishie mtoni na mtungi kama mimi. Siku hizi hata sheria inasema hivyo.

Na yule mama aliyekaa karibu na tangi la maji tangu asubuhi, mwenye kikapu, aliyesema ametoka Sori. Nimewasikia mkinong'ona ni mke wa kando, ni mdai, afukuzwe. Mimi pia simjui. Labda amekuja kuchukua, labda amekuja kuleta. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza jina, na jua linampiga.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe masikio mapana kuliko woga wako, akuachie mali ambayo hakuna mtu atakayeilalamikia, na watoto wako waweze kusalimia kila nyumba kutoka hapa hadi ziwani bila kuinamisha uso. Haya, simama. Chukua kile kiti cha baba yako, na maji ya kunywa, umpelekee.