Omollo Anapima Mwanga

Mimi sina subira na mwanaume mwoga, nasema mapema ndio tuelewane. Mtu akipenda aseme. Lakini Omollo alinishinda. Miaka minne alikula katika hoteli yangu hapa Lodwar, kila siku saa saba mchana, na katika miaka hiyo nilimgombeza kuliko nilivyowahi kumgombeza mume wangu. Hata hivyo siku asipofika, nilikuwa nachungulia mlangoni kila dakika tano.

Alikuwa mkaguzi wa nyama. Alfajiri utamkuta kichinjioni na muhuri wake, anagonga wino wa zambarau kwenye mbuzi na ngamia, na ndiyo sababu vidole vyake havikuwahi kutakata. Watu walimwita Daktari. Mrefu, mpole, mtu wa Siaya. Angeweza kumwambia mchinjaji aliyeshika kisu kwamba ini hili lina minyoo na litazikwa leo, wala sauti isimtetemeke. Mbele ya Mwalimu Sellah, sasa, hata chumvi alishindwa kuomba.

Sellah naye alikuwa akifundisha shule ya msingi, darasa la sita, na alikula meza ileile. Mwanamke wa Rongo, mdomo wake mkali, lakini moyo mzuri. Miaka miwili hao wawili walizungumza juu ya joto na maharagwe. Basi mwaka 2012, mwezi wa saba, Sellah akaniambia kwa sauti kubwa, "Mama Jebet, nimeomba uhamisho. Nikipata barua tu, naenda Kenya." Huku kwetu, mtu akishavuka Kainuk kuelekea Kitale, tunasema ameenda Kenya. "Sina kitu kinanishika hapa," akaongeza, huku anamwangalia Omollo. Omollo aliangalia sahani.

Sellah alipotoka nilimvamia Omollo. "Mwambie!"

"Nitamwambia."

"Lini? Akiwa Rongo?"

"Nikipata njia, Mama Jebet."

Njia aliyoipata, Mungu wangu, ilikuwa kamera.

Sikiliza akili za mtu huyu. Simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye mtaro wa damu kichinjioni, ikafa pamoja na picha moja ya Sellah aliyoipiga kwenye harambee ya kanisa. Akaamua hataki tena picha za ndani ya simu. Anataka picha ya karatasi, ya kushika. Atampiga Sellah picha, aisafishe, ampe, na nyuma yake aandike yale anayoshindwa kusema. Nikamuuliza kwa nini asiandike leo kwenye karatasi ya kawaida. Akasema itaonekana utovu wa adabu. Ai! Nilikwenda jikoni nikagombana na sufuria.

Lakini nilimpenda, kwa hiyo nilimsaidia. Agosti nilikuwa naenda Kakuma kuchukua sukari na maziwa ya unga kwa Mohamedamin, Msomali ninayenunua kwake jumla, na nikaenda na Omollo. Kamera mpya za kisasa zilikuwa bei ya ngamia. Mohamedamin akatuelekeza kwa Adolphe, Mkongomani aliyekuwa akipiga picha za paspoti ndani ya kambi ya wakimbizi. Adolphe mwenyewe alikuwa amehamia kamera ya kisasa, na zile zake za zamani za filamu alikuwa amezitundika kwenye misumari ukutani.

Alitushushia tatu. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, nyepesi, inazungusha filamu yenyewe na kuwaka taa. Adolphe akaiweka kando. "Hii inakula betri sana, Papa. Utafanya kazi ya kuilisha." Ya pili ilikuwa kubwa, na lenzi ndefu, na Omollo akaishika kama mtu aliyepewa mtoto. Adolphe akafungua lenzi, akaielekeza juani, akatuambia tuchungulie. Ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Kuvu. Akasema picha zote zitatoka na moshi.

Ya tatu ilikuwa chuma kitupu, nzito, ngozi imebanduka. Adolphe akafungua mgongo wake, akampa Omollo asikilize. Akaiweka kwenye sekunde moja, kilango cha ndani kikafunguka, kikakaa, kikajifunga. Akaiweka kwenye mwendo wa haraka, ikalia ta! "Umesikia? Haivute muguu. Kamata hii." Akakagua kisponji cha mgongo huo, kilikuwa kimeyeyuka, akabandika kingine ili mwanga usipenye. Betri yake ilikuwa moja tu, ndogo kama ya saa, ya kusukuma sindano inayopima mwanga. Hata hiyo ikifa, kamera ingepiga tu.

"Lakini mbaya jamani," nikasema.

"Mama, huyu anapiga, hapigwe," akanijibu Adolphe, na hata mimi nikacheka.

Tuliinunua pamoja na filamu mbili za picha thelathini na sita. Adolphe akamfundisha kuvuta ulimi wa filamu, kuushikiza vizuri, na kuhakikisha kile kifundo cha upande wa pili kinazunguka kila akivuta kishikio cha kusogeza filamu, la sivyo atapiga picha za hewa. Akamwonya pia kwamba joto la Turkana linapika filamu. Kwa hiyo filamu ya Omollo ikapata makao katika friji yangu, katikati ya soda, na wateja wakaanza kuniuliza hiyo ni dawa ya nini.

Filamu ya kwanza alisema ni ya kujifunza. Haya. Sasa, alipohamia huku mara ya kwanza, Omollo aliambiwa kwamba Waturkana hawapendi kupigwa picha ovyo, na ni kweli, nani anapenda? Mtu mwingine angeenda, asalimie, aombe. Omollo kwa heshima zake akaona bora arudi nyuma. Alisimama ng'ambo ya barabara akawapiga picha punda. Akapiga kina mama wenye mitungi, kwa mbali. Akampiga Nawoi, jirani yangu anayesuka vikapu na mikeka nje ya hoteli, kutoka mahali ambapo Nawoi mwenyewe hakumwona.

Mgomo wa walimu ulipoingia Septemba, Sellah alikaa hotelini kwangu wiki tatu nzima bila kazi. Wiki tatu! Mungu atakupa nafasi gani zaidi? Mwanaume akaenda kusimama kwenye kituo cha petroli upande wa pili, jua la saa sita linawaka, akawa anampiga picha kutoka huko.

"Mwalimu, unapigwa picha," nikamwambia Sellah.

"Naona," akasema. "Labda anapiga mabati yako."

Filamu ikaisha, Omollo akairudisha kwenye kikebe chake, tukamkabidhi dereva wa basi aipeleke Kitale kwenye studio. Siku kumi baadaye bahasha ikarudi. Tulikusanyika mezani mimi, Nawoi, Sellah na Omollo mwenyewe, ambaye alikuwa amevaa shati la Jumapili. Akafungua.

Mchanga mweupe. Mbingu nyeupe. Na watu wote weusi tititi, hakuna jicho, hakuna mdomo, hakuna pua. Picha thelathini na sita za vivuli. Nawoi alijitambua kwa kikapu chake tu, akacheka mpaka akashika mbavu. Sellah akachukua moja, akaigeuza huku na huku.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, Mwalimu," akasema Omollo.

"Kwani niliungua?"

Nilitaka kucheka, lakini nilipomwona Omollo nilishindwa. Alikuwa akizikusanya zile picha moja moja na vidole vyake vya zambarau, anazipanga, kana kwamba zikipangwa vizuri nyuso zitarudi. Moyo uliniuma, nasema kweli. Nikampigia Adolphe simu, nikaweka sauti juu.

"Ulisimama wapi, Papa?" akauliza Adolphe.

"Ng'ambo ya barabara."

Adolphe alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Sikia. Ile sindano haina akili. Inaona muchanga inaangaza, inaona mbingu inaangaza, inazani mwanga umejaa, inakuambia ufunge. Sasa uso wa mutu unabaki mu giza. Sogea! Enda mpaka uso ujaze kioo, pima mwanga palepale usoni, kisha rudi nyuma upige, na usiguse tena kitu."

"Nisogee kiasi gani?"

"Kiasi ya kujua amekula nini."

Sellah alikuwa amegeukia dirisha, mabega yake yanatikisika.

Nawoi ndiye aliyemwokoa. Alimshika mkono akamketisha kwenye mkeka wake. "Wewe kila siku unanisalimia ejok ukiwa huko barabarani, kama mimi ni chui," akamwambia. "Ejok inasemwa hapa." Akapiga mkeka kwa kiganja. Omollo akasema ejok, akajibiwa, wakakaa, wakaongea habari za mbuzi na za mvua. Kisha akaomba ruhusa, akasogeza kamera hadi shanga za Nawoi zikakaribia kugusa lenzi, akazungusha pete ya lenzi mpaka sindano ikakaa katikati, akarudi hatua tatu, akapiga. Ndivyo filamu ya pili ilivyoanza.

Mwanzoni mwa Novemba barua ya Sellah ikafika. Aripoti Rongo Januari. Aliisoma mezani, akaitia mkobani, akaomba chapati. Kijiko cha Omollo kilisimama hewani. Nikampiga teke chini ya meza, akasema "pole," basi. Pole! Kwangu mimi!

Wiki mbili zilizofuata alipiga picha kama mtu anayekimbizwa. Wachinjaji, mimi na sufuria zangu, mzee wa maji, wote kwa karibu, wote kwa kuombwa. Mkono ukakomaa. Mwenyewe niliona ameacha kuinama anapoongea na watu. Alhamisi moja akafika mezani, akasimama mbele ya Sellah. "Mwalimu, nikupige picha kabla hujaenda. Jioni, jua likishuka. Kule mtoni."

"Mama Jebet aje," akasema Sellah. Nikafunga hoteli saa kumi na nusu, jambo ambalo sijafanya hata kwa msiba.

Tukatembea mpaka ukingo wa Turkwel, penye mikoma. Filamu ilikuwa imebaki picha tatu, Omollo alituambia njiani. Sellah akasimama, mkoba begani, uso ukielekea jua la jioni. Omollo akamsogelea. Akapima usoni, akarudi, akapiga. Akasogea tena, akapima, akarudi, akapiga. Mara ya tatu vilevile. Akavuta kile kishikio cha kusogeza filamu, kikakataa. Niliona. Nilikuwa nimekaa na mambo ya kamera hiyo miezi mitatu, nilijua maana yake.

Lakini Omollo akasogea tena. Alisimama umbali wa shubiri moja kutoka usoni pa Sellah, jicho kwenye kioo, anazungusha pete kidogo kidogo, anairudisha. Akakaa hapo. Nikahesabu mpaka ishirini, nikaacha. Sellah hakupepesa.

"Daktari," akasema Sellah polepole, "hiyo filamu si imeisha?"

"Imeisha."

"Basi unapima nini?"

Omollo akashusha kamera. Nikajisemea, Mungu, mpe mdomo mtu huyu, mara moja tu.

"Sellah, usiende," akasema. "Ama kama ni lazima uende, nambie nije kwenu niongee na wazee wako. Sijui kusema vizuri. Nimekupenda mwaka wa pili huu. Hata maharagwe mimi siyapendi, nayala kwa sababu wewe unakaa hapo."

Maharagwe yangu! Siku nyingine ningemjibu. Siku hiyo nilikuwa ninalia, nijibu nini.

Sellah alifungua mkoba akatoa ile barua, akaikunjua. Nyuma yake kulikuwa na karatasi ya kujaza, ya kukubali uhamisho, na mahali pa sahihi palikuwa patupu.

"Hii inatakiwa ofisini kesho," akamwambia. "Wiki mbili natembea nayo na kalamu iko hapa ndani. Nilisema nitakupa mpaka Ijumaa."

"Leo Alhamisi," akasema Omollo, mjinga yule.

"Siku za wiki nazijua, Omollo. Hiyo ndiyo kazi yangu, kufundisha." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita jina lake. Akaichana ile karatasi ya sahihi vipande viwili, akavitia mkobani ili visichafue mto, kisha akamvuta kwa mkanda wa kamera. "Sasa sogea tena."

Mimi nikageuka kuutazama mto. Haukuwa na maji wakati ule, lakini niliutazama sana.