Bati la Bwana Mita

Uani walimwita Mama Panki, ingawa hana mtoto anayeitwa Panki. Mtoto anaye mmoja, wa kike, wa darasa la pili, na jina lake si hilo. Panki ilitokana na kazi. Mama Panki ni kinyozi, na panki yake, kile kichwa kinachoachwa nywele juu na kupunguzwa pembeni, vijana walikuwa wakiifuata kutoka mitaa mitatu. Kazi alifundishwa na kaka yake, na kaka alipohama alimwachia kiti, kioo chenye ufa na mashine moja ya kunyolea. Baba wa mtoto yupo, ila yupo kama mvua ya kiangazi: ukimwona mshukuru Mungu, ukimtegemea utakufa njaa.

Alipanga chumba cha mwisho uani, kile kilichopakana na bafu. Vyumba vilikuwa saba, mlango kwa mlango, na upande wa mbele ilikuwa nyumba ya mwenyewe. Mwenye nyumba huyo wapangaji walimwita Bwana Mita, akiwa hayupo lakini. Mita ya umeme ilikuwa moja kwa wote, naye aliifungia ndani ya kizimba cha nondo kama kuku wa mayai, ufunguo kiunoni. Akitoka, anazima swichi ya vyumba vya nyuma. "Umeme ni kama mbuzi," alikuwa akisema, "ukiuacha peke yake unakula shamba la mtu." Watu walicheka. Mtu anayepokea kodi yako utani wake huwa mtamu.

Siku iliyomchoma Mama Panki ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Kitini alikaa fundi baiskeli wa njia panda, ambaye mchana ule alikuwa anakwenda ukweni kujitambulisha. Upande wa kulia ulikuwa umeshanyolewa ukang'aa, wa kushoto bado kichaka, mashine ikanyamaza.

"Umekatika," fundi akasema.

Mama Panki akatega sikio. Redio ya nyumba ya jirani ilikuwa inaimba. Kinu cha kusaga cha barabara ya pili kilikuwa kinanguruma. Umeme haukuwa umekatika. Ulikuwa umekatwa.

Akaenda kugonga mlango wa mbele. Bwana Mita alikuwa ametoka, na ufunguo umetoka naye. Fundi akangoja mpaka saa saba, shuka shingoni, watoto wa uani wakimzunguka, wakimtazama upande huu kisha upande ule, wakicheka hadi kukaa chini. Mwishowe Mama Panki akamalizia kwa mkasi na wembe, harakaharaka, akamkata sikioni. Mtu akaenda kwa wakwe na plasta.

"Usijali, dada," fundi alimwambia. "Wakiniuliza nitasema nina masikio makubwa, nimeanza kuyapunguza."

Alicheka yeye. Mama Panki hakucheka. Jioni alijikuta anasugua sufuria iliyokwisha takata zamani, anasugua tu.

Bwana Mita aliporudi, Mama Panki alimfuata mlangoni.

"Baba, leo umeniachia mteja nusu kichwa."

"Ungeniambia una mteja."

"Nina wateja kila siku. Ndiyo kazi yangu."

"Basi na mimi kuzima ni kazi yangu. Mashine yako inakula umeme, mama. Wenzako wana balbu tu."

Majirani walimshauri anunue jenereta ndogo ya petroli. Alikwenda kuiangalia dukani, ikawashwa mbele yake, ikakohoa moshi na kelele kama pikipiki inayokata roho. Akamfikiria mwanawe, ambaye kifua chake hata moshi wa kibatari kilikuwa hakiuwezi, akasema hapana. Akauza kochi. Akarudi na paneli ya sola yenye upana wa dawati la shule, betri, na mashine mpya inayochomekwa kwenye betri moja kwa moja. Muuzaji, kijana mwungwana, alimwonya jambo moja: "Usiipe kivuli, dada. Hata shati likianikwa mbele yake, kijivuli kile cha kona kinaila nusu ya nguvu. Iweke juu ya bati, uisahau."

Kuisahau kulihitaji bati.

"Bati langu si kabati," Bwana Mita alimwambia.

"Misumari minne tu, baba. Nitaiziba kwa lami mwenyewe."

"Huanza hivyo hivyo. Leo minne, kesho bati limekuwa chujio. Mvua ikiniingilia utakuja kukinga kwa mdomo?"

Mama Panki akaliangalia lile bati. Refu, jekundu kwa kutu, linaota jua tangu asubuhi hadi jioni bila kazi yoyote isipokuwa kuwapika waliolala chini yake. 

Basi paneli ikaishi chini, na Mama Panki akajifunza jua la ule ua kama anavyojua kichwa cha mteja wa kila wiki. Saa mbili jua lilikuwa mlangoni mwa choo. Saa nne lilihamia chini ya kamba ya nguo, na hapo ilibidi kuombaomba: shoga, nisogezee shuka lako kidogo. Saa sita lilikaa katikati ya ua, lote, zima, na hiyo ndiyo ilikuwa saa ya betri kushiba. Saa tisa lilikuwa limeshapanda ngazi ya Bwana Mita. Akiwa na mteja, paneli iligeuzwa na Afande, mzee wa chumba cha tatu, aliyekuwa mlinzi wa maghala miaka thelathini akastaafu na fimbo yake. Afande aliishika kwa mikono miwili, taratibu, kama mama anavyomgeuza mtoto aliyelala. Kuku wakipita juu yake anawafukuza, mtoto akitaka kujitazama mle anaambiwa, "Hicho si kioo, babu. Hicho ni shamba, tunalima jua."

Kazi ikarudi. Umeme wa Bwana Mita ukizimwa, chumba cha mwisho kinavuma. Wapangaji wakaleta simu zao kuchaji, na Mama Panki hakumkataa mtu. Ndipo siku moja wanaume wanne wakasukuma gari bovu la Bwana Mita, pikapu isiyo na injini, wakaliegesha katikati ya ua. Palepale pa saa sita.

"Lilikuwa linaoza kule nje," Bwana Mita akaeleza, ingawa hakuulizwa. "Na ua ni wangu pia, au mmeununua?"

Mama Panki akaweka paneli juu ya boneti. Kesho yake akaikuta imeshushwa, imeegemezwa ukutani, uso umetazama ukuta. Mkono uliofanya vile haukuivunja. Angalau ungeivunja, aliwaza, ningejua la kusema. Lakini kuigeuzia ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa, hiyo ilikuwa dharau ya mtu mwenye nafasi ya kutosha. Akaigeuza, akaifuta vumbi kwa kanga.

Katikati ya hayo Bwana Mita alipita mlango kwa mlango na karatasi. Hesabu ya watu wa mtaa, alisema. Jina, kazi, idadi ya watoto, saini hapa. Wote wakasaini. Mama Panki naye akasaini, akaandika kazi yake kwa herufi zilizonyooka, kwa sababu kazi yake ilikuwa haimwaibishi.

Mwezi haukuisha, wakaja mafundi na ngazi. Walipanda juu ya lile bati lisilotaka misumari wakalitoboa toka mwanzo mpaka mwisho. Mama Panki alisimama na kitana mkononi, akahesabu mashimo: ishirini na manne. Paneli sita. Jioni Bwana Mita akawakusanya wapangaji.

"Haya, nishati safi imetufikia," akasema. "Kila chumba nyaya mpya, balbu mbili na pa kuchajia. Kodi itapanda kidogo. Na vitu vyenu vya sola vya kienyeji vitolewe, vinaharibu sura ya nyumba."

"Swichi iko wapi?" Mama Panki akauliza.

"Swichi iko palepale."

Kizimbani. Ufunguo kiunoni. Jua nalo limewekwa kizimbani, hivihivi watu wanatazama.

Pengine yangeishia hapo, ila baada ya wiki mbili akaja dada wa mradi wa sola, ule ulioleta zile paneli sita, na begi begani na fomu mkononi, kukagua. Akasimama uani akauliza kwa sauti nzuri: "Kinyozi ni yupi? Ndiye niliyetaka kuanza naye."

"Ni mimi," Mama Panki akasema. "Kwa nini mimi?"

"Nyumba yenu ilipata alama za juu kwa sababu yako. Mwanamke mwenye kazi inayotumia umeme. Mradi huu ni wa wapangaji, mama. Mwenye nyumba alitoa bati tu. Paneli mmepewa ninyi bure, si mmesaini wenyewe?" Akaigeuza fomu. Majina saba, na lake la kwanza, kwa zile herufi zake zilizonyooka.

Maneno ya hasira yalimjia mengi, yakagombania mlango. Mama Panki aliyaacha yagombane kidogo, kisha akaongea bila kupaza sauti.

"Dada, andika. Mimi nilinyimwa misumari minne. Ameitumia kazi yangu kuombea misumari ishirini na minne. Tuliambiwa tunahesabiwa. Kitu tulichopewa bure amekiongeza kwenye kodi, na swichi anayo yeye. Leo saa tatu ameizima, nenda kaangalie. Andika yote hayo."

Bwana Mita akatabasamu, mikono nyuma. "Ana maneno huyu. Waulize wenzake. Kuna mwingine mwenye lalamiko?"

Dada wa mradi akawageukia. Mama wa chumba cha kwanza akaanza kumfuta mwanawe kamasi ambazo hazikuwepo. Mwalimu wa chekechea akaitazama saa. "Mwenye nguvu mpishe, shoga," mmoja akanong'ona, na Mama Panki hakugeuka kuona ni nani. Alikuwa anamtazama Afande. Afande alikuwa anatazama ncha ya fimbo yake, akichora kwenye vumbi kitu kisicho na umbo.

Watu sita, simu sita alizozichaji. Hasira aliyokuwa nayo kwa mtu mmoja ikagawanyika saba, na kila kipande kikawa kizima.

Dada wa mradi akaandika. Alipokuwa anakunja fomu, Mama Panki aliona alichoandika: *lalamiko la mpangaji mmoja*. Siku ya tatu ikapitishwa chini ya mlango wake karatasi nyingine. Ahame kabla ya mwisho wa mwezi.

Siku ya kuhama Afande alikuja bila kuitwa, akajitwisha paneli kichwani. Walitembea mtaa mzima, mkokoteni wa kitanda ukiwatangulia na mtoto amekaa juu na kioo mapajani. Penye mtaro Afande akasema, "Mwanangu, miaka thelathini nimelinda mali ya watu. Mtu akija na panga nilikuwa sikimbii. Lakini siku ile niliona nitalala wapi, ulimi ukanifia."

"Nilikuona, Afande."

"Najua uliniona."

Hakumwambia yameisha, kwa sababu yalikuwa hayajaisha. Ila mbele kidogo alimsaidia kurekebisha kata kichwani, maana paneli ilikuwa imelalia upande.

Nyumba mpya ilikuwa ya mkunga mjane, mama mnene mwenye pumzi fupi, vyumba viwili vya kupangisha. Alianza kueleza habari za choo na zamu za kufagia. Mama Panki akamkatiza.

"Mama, samahani. Juu ya bati naruhusiwa kuweka kitu?"

"Kitu gani?"

"Hii."

Mkunga akaitazama paneli kichwani mwa Afande, akalitazama bati lake. "Kama hutalala huko, weka."

"Niandikie."

"Nikuandikie nini, mwanangu?"

"Kwamba bati ni lako, ila kinachotoka kwenye hii ni changu. Na hutanizimia."

Mkunga akacheka mpaka akashika ukuta. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. Akasema miwani yake imevunjika, aandike yeye. Mama Panki akararua ukurasa katikati ya daftari la mwanawe, akaandika, akasoma kwa sauti, akasoma tena mara ya pili neno kwa neno, na mkunga akaweka sahihi. Ndipo akakunja karatasi, akaitia ndani ya sidiria, akaomba ngazi. Kitanda kilikuwa bado mlangoni, godoro limeegemea ukuta.

Alipanda mwenyewe. Afande akampa nyundo, mtoto akampa misumari mmoja mmoja kwa kuirusha. Ule wa kwanza aliupiga kwa nguvu mpaka bati likabonyea na nyumba nzima ikalia, njiwa wakaruka nyumba ya pili.

"Polepole, mwanangu," mkunga akamwambia toka chini, mkono kwenye paji la uso. "Hili bati halijakukosea."

Mama Panki akajua ni kweli. Akaupiga wa pili vilevile.